Pwani Zisizokupwa

Mtu wa pwani ya Waswahili huijua bahari kwa kupwa na kujaa kwake. Zipo pwani mbili, zilizo mbali mno baina yao, ambazo maji yake hayana mwendo huo kwa kiasi cha kuonekana kwa jicho: pwani ya Bahari ya Baltiki, kaskazini mwa Ulaya, na ile ya Ziwa Nyasa, mkoani Njombe. Ya kwanza ina chumvi haba. Ya pili haina kabisa. Ya kwanza imetukuka kwa miji yake ya mapumziko. Ya pili wengi hawajui hata kuwa ipo, kwani Njombe husifika kwa baridi, chai na viazi.

Tofauti hiyo haikuletwa na uzuri, maana Milima ya Livingstone huporomokea ziwani kwa fahari isiyopatikana Baltiki. Imeletwa na njia, na zaidi na swali la nani alipewa nafasi ya kupumzika.

Mwaka 1793 Friedrich Franz I, mtawala wa Mecklenburg, alianzisha Heiligendamm, mji wa kwanza wa Wajerumani wa kuogea baharini. Mwanzoni palikuwa pa wakuu na matajiri. Mwaka 1886 ilifunguliwa reli ya kutoka Doberan, mji jirani, na safari ya ufukweni ikawa nyepesi. Kando ya Baltiki zikazuka nyumba nyeupe zenye baraza, na magati ya kutembelea jioni.

Wajerumani hao hao walifika Ziwa Nyasa. Mwaka 1893 Hermann von Wissmann alileta meli ya mvuke. Lumbila ikaitwa Langenburg, na Manda ikaitwa Wiedhafen, yaani bandari ya Wied. Majina yalifanana na ya kwao, lakini kilichojengwa kilikuwa boma, si baraza.

Chini ya Waingereza, Wabena na Wakinga walitafutwa kwa ajili ya mashamba ya mkonge ya Tanga, na kuanzia mwaka 1944 shirika la SILABU liliendesha kazi hiyo ya kuandikisha vibarua. Waliitwa manamba. Hivyo wengi wao waliiona bahari kwa mara ya kwanza kama watu wa kukata mkonge. Kwao pwani ilikuwa jina jingine la jasho.

Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, iliipa Makambako stesheni, na lami ya kwenda Songea ikaifanya njia panda kuu. Lakini Njombe iko kilomita 60 hivi kutoka hapo, na ziwa liko mbali zaidi, nyuma ya milima. Reli iliyobeba shaba na mahindi haikubeba waogaji.

Mkoa wa Njombe ulizaliwa mwaka 2012, na Ludewa ndiyo wilaya yake yenye ufuo. Huko Wakisi huvua samaki, na wanawake wao hufinyanga vyungu vinavyosafirishwa kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo, karibu na Matema. Utulivu wa mahali hapo umo ndani ya kazi hiyo.

Barabara za ziwani zikiwa nzuri, wageni watafika. Kwa wasomaji wa Unguja, walioshuhudia hoteli zikijaa Nungwi na Kiwengwa, swali lifuatalo si geni: je, Mkisi atabaki na diko lake, au atakuwa manamba katika ufuo wake mwenyewe?