Rimeki za Muvi za Kutisha na Filamu za Mapenzi ya Jinsia Moja: Mwongozo wa Fan wa Meru na Embu

Ingia duka la muvi pale Makutano, Meru, ama karibu na stage ya Embu, uitishe ile ya jamaa anakimbiza watu na pawasoo. Utawekewa kwa flashi bila maswali, tena utaulizwa kama unataka ya zamani ama ile rimeki. Sasa jaribu kuitisha Rafiki. Kuna uwezekano mkubwa sauti itashuka na uangaliwe mara mbili.

Yaani watu kukatwakatwa ni sawa, lakini madem wawili kupendana ndio noma.

Hizi aina mbili za filamu zinaonekana kama hazijuani, lakini ukichimba kidogo utapata zinatoka nyumba moja. Kama unapenda kubishana muvi na mbogi yako, hapa kuna vitu vya kujua kabla ya kufungua mdomo.

Rimeki ni nini hasa?

Rimeki ni filamu ya zamani iliyotengenezwa upya. Si muendelezo, stori inaanzishwa tena kutoka mwanzo. Hollywood inapenda rimeki za kutisha kwa sababu jina tayari linauza. Ringu ya Japani (1998) ilizaa The Ring (2002). Ju-on ilikuwa The Grudge mwaka wa 2004, na mwelekezi akabaki yule yule, Takashi Shimizu. Nosferatu ya 1922 ilirudiwa na Werner Herzog mwaka wa 1979, halafu Robert Eggers akaishika tena mwaka wa 2024.

Na usidhani hii ni mambo ya wazungu tu. Kama umekulia kwa vibanda vya video, unamjua DJ Afro. Msee anachukua muvi ya nje, anaongea juu yake kwa Kiswahili na Sheng, na ghafla adui ni jamaa wa mtaani kwenu. Picha ni zile zile, lakini muvi imekuwa mpya. Shika hiyo pointi, tutairudia.

Waelekezi watatu, rimeki tatu

Hapa ndipo zile aina mbili zinakutana. Waelekezi watatu waliojulikana kwa filamu za mapenzi ya jinsia moja na za watu wanaokataliwa kwa sababu ya jinsia yao, wote waliwahi kupewa rimeki ya kutisha.

Wa kwanza ni Gus Van Sant. Mwaka wa 1991 alitoa My Own Private Idaho, baadaye Milk (2008), kuhusu Harvey Milk, mwanasiasa shoga wa San Francisco. Katikati yake, mwaka wa 1998, alirudia Psycho ya Alfred Hitchcock (1960) karibu picha kwa picha, tofauti kubwa ikiwa rangi. Matokeo? Ilianguka vibaya, na Razzie akapewa. Sasa mkumbuke DJ Afro. Yeye hagusi picha na bado anakupa muvi mpya, kwa sababu ana sauti yake. Van Sant alipiga picha zote upya na hakutupa chochote cha kwake. Alama yangu: 3 kwa 10.

Wa pili ni Kimberly Peirce. Boys Don't Cry (1999) ilimpa Hilary Swank Oscar kwa kuigiza Brandon Teena, kijana aliyezaliwa msichana, akaishi kama mwanaume na kuuawa Nebraska mwaka wa 1993. Mwaka wa 2013 Peirce alirudia Carrie, ile ya Brian De Palma ya 1976. Ukiangalia vizuri, stori zote mbili ni za mtu mmoja ambaye umati umeamua kumwaibisha. Peirce alikuwa mtu sahihi kabisa kwa kazi hiyo, ila rimeki yake iliifuata sana ile ya kwanza. Alama: 6.

Wa tatu ni Luca Guadagnino, aliyetupa Call Me by Your Name mwaka wa 2017. Mwaka uliofuata alitoa Suspiria. Ya Dario Argento ya 1977 ilikuwa inawaka nyekundu na buluu. Yeye akaifanya ya kijivu, akaiweka Berlin, akaongeza muda hadi zaidi ya saa mbili na nusu, na akampa Tilda Swinton wahusika watatu. Kuna wale waliichukia kabisa. Mimi naipa 9, kwa sababu alithubutu kuigeuza.

Ya kwetu nayo

Hata Kenya hizi njia mbili zimekutana, tena kwa bendi moja. Unakumbuka Just a Band, wale wa Makmende mwaka wa 2010? Jim Chuchu, aliyekuwa kwa hiyo bendi, ndiye mwelekezi wa Stories of Our Lives (2014), stori tano fupi za wapenzi wa jinsia moja Kenya, zikiwa nyeusi na nyeupe. Ilionyeshwa Toronto, ikapata tuzo ya Teddy ya majaji pale Berlin mwaka wa 2015. Huku nyumbani ilipigwa marufuku.

Mwenzake wa bendi, Mbithi Masya, alitengeneza Kati Kati (2016). Dem anaamka kwa loji katikati ya mbuga, hajui amefikaje, kumbe amekufa. Haina damu mingi wala kelele, lakini usiku hutalala vizuri. Hiyo Kenya iliituma Oscar.

Siku saba za Rafiki

Rafiki ya Wanuri Kahiu (2018) ilitokana na hadithi ya Jambula Tree ya Mganda Monica Arac de Nyeko, iliyoshinda tuzo ya Caine mwaka wa 2007. Kahiu aliitoa Kampala akaileta Nairobi: Kena na Ziki wanapendana huku baba zao wakipigania kiti kimoja cha siasa. Hiyo ndiyo kazi ya rimeki nzuri, kuchukua stori na kuipa mtaa wako.

Ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuingia orodha rasmi ya Cannes. Lakini Aprili 2018 KFCB ikaipiga marufuku, na ikaonya kwamba hata kuwa nayo ni kuvunja sheria. Ndiyo maana yule wa duka anashusha sauti. Kahiu alieleza kwamba alitakiwa kubadilisha mwisho kwa sababu ulikuwa na matumaini mno. Alikataa.

Septemba 21, 2018, Jaji Wilfrida Okwany aliondoa marufuku kwa siku saba, watu wazima pekee, ili filamu iweze kuwania kuteuliwa Oscar. Foleni zilijaa Prestige Plaza, Ngong Road. Mwishowe Kenya ikatuma Supa Modo. Aprili 2020 Mahakama Kuu ikaunga mkono marufuku. Septemba 2021 ikawa zamu ya I Am Samuel ya Peter Murimi.

Sasa piga hesabu. Kutoka Embu hadi Prestige ni zaidi ya kilomita 120, kutoka Meru ni zaidi ya 200. Nauli, tiketi, mahali pa kulala, na una siku saba tu. Wengi wetu hatukufika. Lakini uliza kwa matatu yoyote ya Chuka, kila mtu ana maoni makali kuhusu Rafiki.

Hilo ndilo linaniuma. Huenda kuna mtu kwa darasa lako, pale Nchiru ama Chuo Kikuu cha Embu, anayesikia hizo stori zikipigwa na ananyamaza. Kwake hiyo si mada ya kupitisha safari. Na wale waliofanikiwa kuona Rafiki wanajua sehemu ya kuogopesha zaidi si busu. Ni pale majirani wanapogeuka umati. Peirce alituonyesha kitu hicho hicho kwa Carrie, na hakuna aliyelalamika.

Uanzie wapi?

Anza na Kati Kati. Kisha tazama Suspiria zote mbili, ya zamani kwanza, ndiyo ujue nini kimebadilika. Psycho ya 1998 iruke, tazama ya 1960. Kuhusu zile zilizopigwa marufuku, cheki kwanza uamuzi wa korti uko wapi, usijiingize kwa shida na makarao.

Hakuna anayekulazimisha kupenda. Mimi mwenyewe Psycho ya Van Sant niliitazama hadi mwisho ndio nikapata haki ya kuitusi.

Wewe je? Ni rimeki gani ilikubamba kuliko ya kwanza? Na ni muvi gani umekuwa ukiitusi na hujawahi kuiona?