Kapu la Sadaka na Mtoto Aliyekombolewa



Wapendwa waamini, kila tunaposimama mbele yenu kuomba mchango kwa ajili ya watoto wenye ulemavu, swali moja huturudia moyoni: tunamwombea mtoto huyu nini hasa? Je, ni chakula cha leo tu, au ni nafasi yake miongoni mwa watu? Historia ya mwambao wetu wa Ziwa Tanganyika yaweza kutusaidia kujibu.

Mwezi Januari 1879 Mapadre Weupe wa kwanza waliingia Ujiji, baada ya safari ya miezi saba kutoka Bagamoyo. Ujiji ilikuwa soko la pembe za ndovu, na watumwa walivushwa huko kutoka ng'ambo ya ziwa. Wamisionari walianza kuwakomboa watoto kwa kulipa, wakawalea katika vituo vyao kandokando ya ziwa. Kazi hiyo ilihitaji fedha, nazo zilitoka kwa waamini wa mbali wasiowahi kuliona ziwa hili. Mwombaji wao mkuu alikuwa Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo. Mwezi Julai 1888 alihubiri Paris na London dhidi ya biashara ya utumwa. Mwaka 1890 Papa Leo XIII akaagiza mchango wa kila mwaka kwa ajili hiyo katika sikukuu ya Tokeo la Bwana.

Hata hivyo, kazi ya kuomba ina mitego yake. Fedha iliyomkomboa mtoto iliingia mfukoni mwa mwuzaji, naye aliweza kwenda kutafuta mwingine. Tena, anayeomba kwa kusimulia mateso peke yake huwafanya wasikilizaji wayakumbuke mateso na kumsahau mtoto mwenyewe. Mtego huu wa pili ungalipo, nasi wenyewe tumeukaribia mara nyingi.

Tumtazame basi Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa angali mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe. Walimpeleka Malta kusomea utabibu. Mwaka 1889 alifika Karema, kusini mwa Kigoma kwenye mwambao huu huu, akiwa tabibu na katekista. Aliwatibu watu wa huko hadi alipofariki mwaka 1956, yaani kwa miaka 67. Waliotoa sarafu zao kanisani hawakujua kwamba walikuwa wakiwalipia wagonjwa wa Karema tabibu. Yule aliyeombewa akawa mtoaji kuwapita wote.

Mfano huu unagusa siku zetu. Kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, kuanzia mwaka 2008 shule ya Kabanga wilayani Kasulu, iliyokuwa ikiwasomesha watoto wenye ulemavu, ikawa pia kimbilio la watoto wenye ualbino. Ukuta humlinda mtoto asiuawe, lakini mtoto hahitaji ukuta tu. Mwenye ualbino anahitaji kofia pana na mafuta ya kuikinga ngozi yake na saratani. Anahitaji miwani au maandishi makubwa, kwa kuwa macho yake huona kwa shida. Zaidi ya yote anahitaji kusoma, kucheza, na siku moja kurudi nyumbani pasipo hofu.

Bwana wetu hakumponya Bartimayo kipofu kabla ya kumwuliza alitaka afanyiwe nini. Sisi tunaochangisha tujifunze hapo. Tumwulize mtoto na wazazi wake kwanza, ndipo tuje kwenu. Tusimwonyeshe kwa namna ambayo ataionea haya atakapokuwa mtu mzima. Na fedha ikipatikana, tuwasomee waamini hesabu yake, shilingi kwa shilingi.

Nanyi mtoapo, msimhurumie tu. Mtarajieni. Huenda katika wale tunaowaombea leo yumo atakayekuja kuwatibu wajukuu wetu.