Biafra ya Kinondoni

Kondakta wa daladala akiita "Biafra, Biafra!", abiria wanaoteremka Kinondoni wanajua wanakwenda wapi: kiwanjani, kwenye mkutano wa siasa au wa injili. Mimi nikilisikia jina hilo, pua yangu hukumbuka pilau.

Mwaka 1968 nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa karani, na tulikaa Magomeni katika nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, vyumba viwili vya wapangaji. Redio ilikuwa moja, ya baba, haiguswi na mtoto. Hatukuwa matajiri, lakini mchele haukukosekana, nazi ilikunwa karibu kila siku, na ugomvi mkubwa baina yangu na kaka yangu ulikuwa juu ya ukoko: leo ni zamu ya nani kukwangua sufuria.

Jumamosi ya tarehe 13 Aprili, majirani zetu Wakristo wakijiandaa kwa Pasaka ya kesho yake, Tanzania ilitangaza kuitambua Biafra kuwa nchi. Hakuna nchi nyingine iliyokuwa imethubutu. Mwezi uliofuata zikafuata Gabon, Ivory Coast na Zambia. Barazani kwetu wazee hawakulala mapema. Mwalimu, rais wetu anayehubiri umoja wa Afrika asubuhi na jioni, anawaungaje mkono watu waliojitenga na Nigeria? Mzee mmoja muuza kahawa akauliza, kwa sauti ya chini kidogo, "Leo Biafra, kesho Unguja?" Muungano wetu wenyewe haujatimiza miaka minne. Jibu la Mwalimu lilikuwa kwamba umoja haushikiliwi kwa mabavu; watu hukaa pamoja kwa ridhaa. Waibo kwa maelfu walikuwa wamechinjwa kaskazini mwa Nigeria mwaka 1966, na waliosalia wakakimbilia kwao mashariki. Mtu aliyewindwa nyumbani mwake utamwambiaje kwamba bado ni nyumbani? Naona hata leo kwamba hoja ile ilikuwa nzito, ingawa wengi Afrika waliikataa.

Hayo yalikuwa ya wakubwa. Sisi watoto Biafra ilitufikia kwa picha.

Maulidi ya mwaka ule yaliangukia Juni. Nyama ilikuja imefungwa katika gazeti, na bibi alipolikunjua akaona picha ya watoto wamekaa chini: matumbo kama ngoma, miguu imevimba, nywele nyepesi, macho ya wazee. Akaita watu. Lazima niseme hapa kwamba mtaani kwetu mtoto wa namna hiyo tulikuwa naye pia, mmoja mmoja, na kauli ilikuwa moja: amebemendwa. Yaani baba au mama ametoka nje ya ndoa, au wamekutana kabla ya kumwachisha ziwa, na mtoto ndiye anayelipa. Mama wa mtoto kama huyo hakuthubutu kumtoa uani. Bibi akaitazama ile picha muda mrefu, mikono ina bizari, kisha akauliza, "Na hawa wote wamebemendwa?" Hakuna aliyemjibu. Tangu siku ile sikumsikia tena akilitamka neno hilo juu ya mtoto wa mtu.

Waganga wa hospitali waliuita ugonjwa ule kwa neno la Waga wa Ghana, kwashiorkor, ambalo asili yake linamhusu mtoto anayepokonywa ziwa na mdogo wake anayezaliwa. Midomo yetu ikalifanya kwashakoo. Vitabuni ni unyafuzi. Kule Biafra haukuwa mkosi. Nyama ilikuwa ikitoka kaskazini, samaki wabichi pwani, na samaki wakavu Norway. Vita vikafunga kaskazini, na Port Harcourt ilipotekwa Mei 1968 bahari nayo ikafungwa. Kilichobaki sana ni muhogo, na muhogo hujaza tumbo bila kujenga mwili. Makanisa yakarusha ndege za chakula kutoka São Tomé, usiku, zikitua Uli kwenye barabara iliyopanuliwa kuwa uwanja. Taa huwashwa kidogo, ndege ikigusa lami zinazimwa. Huku Nigeria ikitaka chakula kipite chini ya ukaguzi wake, na wakubwa wa Biafra wakihofia sumu na hila. Walibishana juu ya njia, na watoto wakangoja.

Sisi tukala pilau. Nakumbuka vizuri, kwa sababu niliongezewa.

Na jambo ambalo nimelibeba ni hili. Darasani kwetu kulikuwa na mvulana mwembamba, magoti makubwa kuliko mapaja. Wiki ile ya maulidi nilimwita Biafra. Ni mimi niliyeanza, hakuna mwingine wa kusingiziwa. Likashika kama moto wa makuti. Hata mwalimu mmoja akawa anamwita hivyo akisahihisha daftari. Serikali yetu ilikuwa imesimama na watoto wale mbele ya dunia nzima, na sisi tulioshiba tumewageuza tusi la uwanjani.

Vita viliisha tarehe 15 Januari 1970. Waliokufa, wengi wao kwa njaa, wanahesabiwa kupita milioni moja. Maelfu kadhaa ya watoto waliokuwa wamesafirishwa kwenda Gabon na Ivory Coast walirudishwa kwao baada ya vita. Gazeti la wakati huo sikuliona. Nadhani nyama ilifungwa katika jingine.

Mwaka juzi nilikutana na yule mwenzangu msibani, Kinondoni hiyo hiyo. Amenenepa, ana wajukuu watano, anatembelea mkwaju. Nikamwita kwa jina lake alilopewa na wazazi, mara mbili, hakugeuka. Mzee mwingine wa rika letu akaita, "Biafra!" Akaitika.