Margaret Tyler na Haki ya Kufasiri

Katika Uingereza ya karne ya 16, mwanamke aliyesoma aliruhusiwa kufasiri kwa wepesi zaidi kuliko kutunga. Sababu yenyewe haikuwa ya heshima: mfasiri alihesabiwa kuwa mchukuzi wa maneno ya mwingine, asiye na lake la kusema. Hata John Florio, alipochapisha tafsiri yake ya insha za Montaigne mwaka 1603, aliandika kwamba tafsiri zote huhesabiwa kuwa za kike.

Ruhusa hiyo ilikuwa na mpaka, nao ulikuwa dini. Margaret Roper alifasiri maelezo ya Erasmus juu ya Sala ya Bwana. Mwaka 1564 Anne Bacon alitoa kwa Kiingereza utetezi wa Kanisa la Uingereza ulioandikwa kwa Kilatini na Askofu John Jewel. Askofu Mkuu Matthew Parker aliupeleka mtamboni bila hata kumngoja mwenyewe.

Margaret Tyler, aliyepata kuwa mtumishi katika jamaa ya Howard, aliuvuka mpaka huo mwaka 1578. Alifasiri kutoka Kihispania hadithi ya Diego Ortúñez de Calahorra, iliyojaa mashujaa, vita na mapenzi. Jalada lilibeba herufi M.T. tu, lakini ndani alilitia jina lake kamili na kumwandikia msomaji utangulizi ambao, kwa hoja, unaishinda hadithi yenyewe. Wanaume, asema, huwatabarukia wanawake vitabu vyao. Ikiwa mwanamke aweza kutunukiwa kitabu, basi aweza kukisoma; na akikisoma, kwa nini asikichunguze na kukifasiri? Kwa wale watakaosema kuwa vita si mambo ya kike, ajibu kwamba si lazima mpiga tarumbeta awe hodari wa kupigana.

Lakini papo hapo yuasema kuwa ubunifu wote ni wa yule Mhispania, na kwamba yeye amemkaribisha tu mgeni asiyezijua desturi za nchi. Wako wanaouona huo kuwa unyenyekevu. Yaelekea zaidi kuwa ni ngao, kwani mwenye nyumba ndiye achaguaye mgeni wa kumfungulia mlango, na Tyler hakumchagua mhubiri.

Kitabu kilipendwa. Sehemu zilizofuata zilifasiriwa na wengine katika miaka ya 1580.