Bildungsroman ni Riwaya ya Malezi

Mwanzoni mwa karne ya 19, Karl Morgenstern, profesa katika Chuo Kikuu cha Dorpat, aliita Bildungsroman ile riwaya inayomfuata kijana kutoka utotoni hadi utu uzima. Kwa Kiswahili mtu anaweza kuiita riwaya ya ukuaji, ya makuzi au ya malezi. Mimi nashika malezi, na ushahidi wangu nautoa vitani, mahali ambapo wengi wangedhani neno hilo halina nafasi. Kukua hakuhitaji mtu wa pili. Mmea wa mahindi hukua, ndevu hukua. Kulea kunadai wawili. Methali yetu, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, imeviweka vitenzi vyote viwili na kukifanya kimoja kuwa chanzo cha kingine. Anayesema ukuaji ametaja tunda akaacha mti. Makuzi yanakaribia, kwa kuwa nyuma yake yupo anayekuza, lakini mara nyingi hutufikisha kwenye kimo na uzito wa mwili tu.

Chukua Beasts of No Nation, riwaya ya Uzodinma Iweala ya mwaka 2005. Agu, mtoto wa mwalimu, amezoea kusomewa Biblia na mama yake. Vita vinapomtenga na wazazi, anaangukia mikononi mwa Kamanda wa wapiganaji, naye anamlea: anamlisha, anamvika, anamfundisha, anamnajisi. Siku ya kuua kwa mara ya kwanza, Kamanda anaushika mkono wa Agu wenye panga na kuushusha, kama mwalimu anayemshika mtoto mkono kumfunza kuandika. Hapo hakuna ukuaji wa kusifiwa. Malezi yapo, tena ya kutisha.

Atakayepinga atasema malezi ni neno la wema. Mbona basi tunasema malezi mabaya, na kila mtu anaelewa? Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na methali hiyo haikuahidi kwamba ulimwengu ni mwalimu mpole. Pingamizi zito zaidi ni kwamba Wajerumani walikusudia mtu kujijenga mwenyewe, ilhali anayelelewa hutendwa. Lakini katika riwaya ya Goethe ya 1795 na 1796, inayohesabiwa kielelezo cha aina hii, Wilhelm Meister anakuja kugundua kwamba chama cha siri kilikuwa kikimchunga na kumwelekeza muda wote. Hata yeye, aliyejiona anajitafutia njia, alikuwa na walezi.

Filamu ya Cary Joji Fukunaga ya mwaka 2015, iliyotokana na riwaya ya Iweala na kupigwa nchini Ghana, inaipa hoja hii nguvu mpya. Kitabuni tumefungiwa ndani ya sauti ya Agu. Katika filamu tunamwona Kamanda, aliyeigizwa na Idris Elba, akiwavuta watoto kwa sauti na haiba ya baba, na tunaelewa kwa nini wanamfuata. Kamera imemleta mlezi mbele ya macho yetu, na istilahi yetu inapaswa kumwonyesha vivyo hivyo. Filamu inamalizika Agu akiingia baharini kucheza na watoto wenzake. Kitabu kinamalizika kwa Agu kukubali kwamba aliyoyatenda yanaweza kumfanya aonekane mnyama au shetani, kisha kusema kwamba naye aliwahi kuwa na mama, na mama huyo alimpenda.