Haisomi au haisomeki?

Kasoli, wilayani Bariadi, kama kwingineko Tanzania, flashi ikigoma kufunguka kwenye kompyuta watu husema, “Haisomi.” Laini ya simu nayo haisomi. Mwalimu wa sarufi atanung'unika: flashi haina macho, msomaji ni kompyuta, kwa hiyo flashi “haisomeki”. Lakini mwalimu huyohuyo husema mlango “haufungi”, wala hashtuki.

Hata “haisomeki” huweza kudanganya.

Chukua diski kuu iliyochomolewa kwenye seva ya nyumbani inayotumia Linux. Ikichomekwa kwenye kompyuta ya Windows inazunguka vizuri, kisha skrini inataka ifomatiwe. Diski nzima kabisa! Mara nyingi imepangwa kwa ext4, mfumo wa faili ulioingia rasmi kwenye Linux mwaka 2008, na Windows peke yake haiutambui. Hapo asiyejua kusoma ni kompyuta. Na kama seva ilitawanya data kwenye diski kadhaa kwa RAID 5, diski moja ni kurasa chache zilizochanwa kitabuni.

Fundi na aseme “haisomeki hapa”. Mwenye diski naye asikubali kufomati kabla haijajaribiwa kwenye Linux.