Madabodi Zilizojifunza Kunyamaza

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na leo nimerudi na hadithi ya kimya chenyewe.

Mama alipokuja kututembelea, tuliketi sebuleni kutazama filamu. Ilipofika sehemu ambayo waigizaji hawasemi kitu, akanigeukia na kuniuliza, "Baba, hii runinga yako mbona inapumua?" Si runinga iliyokuwa ikipumua. Ilikuwa tarakilishi yangu kuukuu niliyoificha kabatini, ile inayocheza filamu na miziki yetu yote. Nilipoifungua kesho yake nilidhani nitakuta feni ya prosesa imejaa vumbi. Wapi! Mlalamishi alikuwa feni kadogo ka milimita 40, kalikobandikwa juu ya chipu nyingine kabisa ya madabodi. Bereu zake zilikuwa zimeisha na kalikuwa kakipiga kelele kama mbu.

Nikaamua kubadilisha madabodi. Lakini nilipoanza kulinganisha moja na nyingine, niligundua kwamba karibu kila swali unalopaswa kuuliza dukani lilizaliwa na kosa la mtu fulani miaka iliyopita. Basi leo nawasimulia hayo makosa, maana yana faida hata kwa sisi tunaoandika programu.

Tuanze na jambo moja. Kelele ya tarakilishi ni joto lililogeuka sauti. Umeme unaoingia kwenye chipu hutoka kama joto, joto lazima liondoke, na likishindwa kuondoka lenyewe huitiwa feni. Feni kubwa inayozunguka polepole inaweza kusukuma hewa sawa na feni ndogo inayokimbia, lakini masikio yako yatajua tofauti. Ukipunguza mzunguko wa feni ileile hadi nusu, kelele hushuka kwa desibeli 15 hivi, nayo ni tofauti kubwa sana katika chumba kilichotulia.

Mpangilio wa ATX, ambao Intel waliutoa mwaka 1995, haukuwa na tatizo hili akilini. Tarakilishi ilikaa ofisini, na ofisini kuna simu, kuna printa, kuna watu. Mambo yalibadilika mwaka 2002. Microsoft walitoa Windows XP Media Center Edition, na mwaka huohuo mradi wa programu huria uitwao MythTV ulianza. Ghafla watu wakataka tarakilishi iondoke mezani, ikae chini ya runinga, ioneshe filamu na kurekodi vipindi. Hapo ndipo kelele ambayo hakuna aliyekuwa akiijali ikawa kero ya familia nzima.

Wa kwanza kulijibu swali hili kwa madabodi yenyewe walikuwa VIA wa Taiwan. Mwishoni mwa 2001 walitangaza kipimo cha Mini-ITX, sentimita 17 kwa 17, na mwaka 2002 wakatoa madabodi za EPIA. EPIA 5000 ilikuwa na prosesa ya megahezi 533 iliyopozwa kwa mapezi ya alumini tu, bila feni hata moja. Nguvu yake ilikuwa ndogo mno, na wengi waliicheka. Lakini EPIA M zilizofuata zilikuja na chipu ya CLE266, ambayo ndani yake kulikuwa na saketi maalumu ya kusaidia kusimbua MPEG-2, yaani video ya DVD. ME6000 yenye megahezi 600, bila feni, iliweza kazi ambayo kwa hesabu ya kasi peke yake ungesema haiwezi.

Shikeni hilo wasomaji wangu, maana ndilo kiini cha hadithi yote: VIA hawakuwa na prosesa yenye mbio, kwa hivyo iliwabidi wampe mtu mwingine kazi.

Intel wakati huo walikuwa njia nyingine. Pentium 4 ilianza Novemba 2000 ikiwa na gigahezi 1.4 na 1.5, na mpango ulikuwa kupanda tu. Februari 2004 ilikuja Prescott, ambayo mstari wake wa kuchakata amri ulirefushwa kutoka hatua 20 hadi 31 ili kasi ipande zaidi. Kilichopanda ni joto. Aina zake za juu zilipita wati 100. Mwezi Mei mwaka huo Intel wakafuta Tejas, iliyokusudiwa kuirithi Prescott, na Oktoba wakafuta pia Pentium 4 ya gigahezi 4 waliyokuwa wameiahidi.

Kabla ya kukubali kwamba prosesa ndiyo tatizo, walijaribu kubadilisha nyumba yake. Mwaka 2004 ulikuja mpangilio wa BTX. Prosesa ilisogezwa mbele ya kasha, ikawekewa feni kubwa inayovuta hewa baridi kutoka nje, na hewa hiyohiyo ikapita moja kwa moja juu ya chipu nyingine hadi nyuma. Niliwahi kufungua Dell OptiPlex ya mtumba ya aina hiyo nikasimama kuishangaa, kwa sababu kila kitu kilikuwa kimegeuzwa. Wazo lilikuwa zuri kweli. Ila AMD walikuwa wameshahamishia kidhibiti cha kumbukumbu ndani ya prosesa zao za Athlon 64, na mahali BTX ilipoweka prosesa na kumbukumbu hapakuwafaa. Isitoshe, ilihitaji kasha jipya. Mwaka 2006 Intel wakaacha kuisukuma.

Dawa ilikuwa tayari ndani ya nyumba yao wenyewe, kwenye tarakilishi za mapajani. Kikundi cha wahandisi wa Intel huko Haifa, Israeli, kilikuwa kimetengeneza Pentium M iliyotoka Machi 2003. Haikufukuzia gigahezi, ilihesabu kila wati kwa sababu iliishi kwa betri. Toleo la Dothan la 2004 lilikuwa na kiwango cha wati 21. Wapenzi wa kimya wakaanza kuitafuta, na AOpen na DFI wakatengeneza madabodi za mezani za kuichukua. Zilikuwa ghali. Lakini zilithibitisha jambo, na Julai 2006 Core 2 Duo, iliyotokana na kazi ya watu walewale wa Haifa, ikaipumzisha Pentium 4.

Mngedhani hadithi imeishia hapo. Hapana, maana video nayo haikukaa ikingoja. Kiwango cha H.264 kilikamilika mwaka 2003, na Blu-ray ilipoingia madukani 2006, picha ilikuwa na pikseli 1920 kwa 1080, iliyobanwa kwa hesabu nzito kuliko za DVD. Prosesa nzuri tu zilianza kutoa jasho tena, na feni zikarudi kuimba.

Jibu lilikuwa lile la VIA, safari hii likiwa na misuli. AMD walikuwa wamewanunua ATI mwaka 2006, na Machi 2008 wakatoa chipseti ya 780G. Ndani yake kulikuwa na saketi iliyosimbua H.264 na VC-1 yenyewe, pamoja na uwezo wa kutoa HDMI. Prosesa ya wati 45 kama Athlon X2 4850e ilikaa ikistarehe filamu ikiendelea. Ungeweza kununua madabodi kama Gigabyte GA-MA78GM-S2H, ambayo chipseti yake ilipozwa kwa mapezi tu, ukaweka feni moja kubwa ya polepole, na kazi ikaisha. Kwa maoni yangu huo ndio mwaka ambao tarakilishi ya sebuleni ilianza kuwa kitu cha mtu wa kawaida.

Mwaka huohuo wa 2008 ulitupa pia kichekesho ninachokipenda kuliko vyote. Intel walitoa prosesa ndogo ya Atom 230, wati 4 tu. Kisha wakaiweka kwenye madabodi ya D945GCLF pamoja na chipseti kuukuu ya 945GC, iliyokuwa na kiwango cha wati 22. Matokeo yake, prosesa ilikuwa na mapezi matupu, na feni ikawekwa juu ya chipseti! Bwana analala, mtumishi anahema. Na chipseti hiyo haikuwa na saketi ya kusimbua H.264, kwa hivyo hata baada ya kelele yote hiyo filamu kubwa ilikwamakwama. Mwaka 2009 Atom ileile ilipooanishwa na chipu ya Nvidia katika madabodi za Ion, ilicheza Blu-ray vizuri. Ilibidi tu programu ijue kuiomba chipu hiyo, na kwenye Linux ombi hilo lilipitia VDPAU, iliyotoka Novemba 2008.

Kuanzia 2010 chipu ya picha ilihamia pamoja na prosesa, kwanza kwa Intel na mwaka 2011 kwa AMD, na madabodi ikapungukiwa na kazi. Lakini msidhani feni ndogo ilizikwa. Chipseti ya AMD ya X570 ilipotoka 2019, madabodi zake nyingi zilikuwa nayo tena, mpaka matoleo ya X570S ya 2021 yalipoiondoa.

Basi nilichagua vipi? Niliuliza maswali matatu. La kwanza: nani atasimbua video? Leo si H.264 pekee, kuna HEVC ya 2013 na AV1 ya 2018, na kasi ya prosesa haijibu swali hili. La pili: chipu gani nyingine ina joto, na imepozwa na nini? La tatu: je, ninaweza kupunguza kasi ya feni mwenyewe? Soketi ya pini nne hukuruhusu kufanya hivyo kwa ustaarabu.

Na kwa sisi wa hapa, ongezeni la nne: unaishi wapi? Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 15, hivyo feni ileile hubeba joto pungufu. Mombasa hewa ni nzito lakini chumba chenyewe ni moto, na mapezi hayawezi kushuka chini ya joto la chumba. Msiamini tu vipimo vya mtu aliyepimia Ulaya wakati wa baridi.

Nilichukua madabodi ya Mini-ITX yenye prosesa ya Intel N100 ya mwaka 2023, wati 6, mapezi matupu, inayosimbua hata AV1. Nilipoiwasha mara ya kwanza nilidhani imekufa. Niliweka sikio kabatini, kimya. Kisha picha ikatokea.

Mama alirudi Pasaka. Tulitazama filamu ileile, tukafika sehemu ileile ya kimya, na yeye hakusema kitu. Nilipomgeukia nikamkuta analia, kwa sababu ya hadithi. Ile ya kwanza aliipitia akisikiliza feni yangu.

Hadi tutakapokutana tena, kwaherini.